Tarakimu muhimu na kukadiria vipimo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimesahihisha madaftari ya maabara kwa muda mrefu, na kosa linalonisumbua kuliko yote si la hesabu. Mwanafunzi amepima kwa rula ya kawaida, akagawanya kwa kikokotoo, kisha akanakili kila kilichotokea kwenye kioo: sentimita 4.827586207. Hesabu yake ni sahihi kabisa, ila anadai kujua urefu wa kitu hadi sehemu ndogo kuliko chembe yenyewe ya atomu. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi, na nimeyajibu kwa jinsi ninavyoyaeleza mezani pa maabara.

Tarakimu muhimu ni nini hasa?

Ni tarakimu zote ambazo kifaa chako kimezithibitisha, pamoja na moja ya mwisho uliyoikisia kwa jicho.

Chukua rula yenye mistari ya milimita, ulaze penseli juu yake, mwanzo wake ukiwa kwenye sifuri. Inama mpaka jicho lako liwe wima juu ya ncha, maana ukitazama kwa upande mstari utahama. Tuseme ncha imepita mstari wa 14.8 na haijafika 14.9. Hapo 1, 4 na 8 hazina ubishi. Sasa angalia ule mwanya mdogo kati ya mistari miwili: ncha imekwenda kama theluthi moja ya njia. Unaandika 14.83. Ukimwita mwenzako asome, huenda akasema 14.82 au 14.84, lakini hatasema 14.88. Kwa hiyo ile 3 ina shaka, ila bado inabeba habari. Tarakimu ya tano haibebi habari yoyote; ukiiweka umetia chumvi.

Kipimo hicho kina tarakimu muhimu nne.

Kukadiria na kukisia si kitu kimoja?

Katika mazungumzo ya kawaida watu huyachanganya, na hapo hakuna ubaya. Kwenye ukurasa huu kukisia ni kusoma kwa jicho kati ya mistari miwili ya kifaa, na hufanyika wakati wa kupima. Kukadiria ni kuipunguzia namba tarakimu baada ya hesabu, ili ibaki na zile tu zinazostahili.

Sifuri zinanichanganya. Ipi inahesabiwa na ipi haihesabiwi?

Sifuri iliyobanwa katikati ya tarakimu nyingine huhesabiwa daima: 4.05 ina tatu, 10.08 ina nne.

Sifuri zinazotangulia mbele hazihesabiwi. Usikariri, jaribu kubadili kipimo uone. Mita 0.0045 ni sawa na milimita 4.5. Zile sifuri zimekwenda wapi? Zimetoweka kwa sababu hazikutokana na upimaji. Zilikuwa zinashikilia nafasi tu ili nukta ikae mahali pake. Hivyo 0.0045 ina tarakimu muhimu mbili.

Sifuri za mwishoni baada ya nukta huhesabiwa zote. Mtu aliyeandika gramu 4.50 angeweza kuishia 4.5 bila kubadili thamani ya namba. Ameongeza ile sifuri kwa makusudi, kukuambia kwamba aliangalia nafasi ya pili ya desimali akakuta hapo pana sifuri.

Na 1500 je? Ina mbili, tatu au nne?

Kwa kuitazama tu haiwezekani kujua, na anayekuambia kuna jibu moja anakupotosha. Huenda mtu alipima hadi mita moja iliyo karibu, huenda alipima hadi mita mia. Dawa ni kuiandika kwa umbo sanifu, yaani namba iliyo kati ya 1 na 10 ikizidishwa kwa kipeo cha 10: 1.5 × 10³ ina mbili, 1.50 × 10³ ina tatu, 1.500 × 10³ ina nne. Ukiona umbo hilo ni zito kwa wasomaji wako, badili kipimo: kilomita 1.50 inasema jambo lile lile.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu jambo hili. Mwaka 1856 wapima ardhi wa Uingereza waliokuwa India walitangaza urefu wa mlima ambao baadaye uliitwa Everest: futi 29,002. Inasimuliwa kwamba wastani wa hesabu zao ulitoka futi 29,000 kamili, wakahofia kuwa watu wakiona sifuri tatu watadhani ni makisio ya haraka, basi wakaongeza futi mbili. Walikuwa wamefanya kazi ya miaka, wakipima pembe kutoka umbali mkubwa, na sifuri zao zote zilikuwa za jasho. Kwa umbo sanifu wangeandika 2.9000 × 10⁴ na mtu yeyote anayejua kanuni angeelewa. Mwaka 2020 Nepal na China zilitangaza kwa pamoja mita 8,848.86, na kwa namba hiyo hakuna anayeuliza kama ni ya kukisia.

Hatua za kukadiria ni zipi?

Anza kuhesabu kutoka tarakimu ya kwanza isiyo sifuri. Tuseme unataka 0.0073468 ibaki na tarakimu muhimu tatu. Unaanza kwenye 7, unahesabu 7, 3, 4, unasimama. Tazama jirani wa kulia: ni 6. Kwa kuwa ni 5 au zaidi, 4 inapanda kuwa 5. Jibu ni 0.00735. Jirani angekuwa 4 au chini yake, ungeiacha kama ilivyo.

Upande wa kushoto wa nukta usisahau kujaza sifuri. Namba 48,261 kwa tarakimu mbili ni 48,000. Kila muhula nakutana na mtu aliyeandika 48, na tofauti hiyo si ndogo.

Na 9.97 kwa tarakimu mbili? Inapanda hadi 10, na ili isomeke kuwa ni tarakimu mbili iandike 1.0 × 10.

Naweza kukadiria kidogo kidogo, nafasi moja baada ya nyingine?

Usifanye hivyo. Chukua 2.4497 uipeleke kwenye tarakimu mbili. Ukienda kwa ngazi: 2.450, kisha 2.45, kisha 2.5. Ukienda moja kwa moja: jirani wa 4 ya kwanza baada ya nukta ni 4, kwa hiyo jibu ni 2.4. Na 2.4497 kweli iko karibu na 2.4 kuliko 2.5. Rudi kila mara kwenye namba ya asili.

Jirani akiwa 5 tupu, bila kitu nyuma yake, ninapanda au ninashuka?

Hapa ndipo watu wawili waliofundishwa vizuri hupata majibu tofauti.

Kanuni ya shuleni inasema panda: 2.5 inakuwa 3, 3.5 inakuwa 4, 4.5 inakuwa 5. Tatizo ni kwamba 5 tupu iko katikati kabisa, haiko karibu na upande wowote. Ukiipandisha kila mara, orodha ndefu ya vipimo itaelemea juu na wastani wake utapanda kidogo bila sababu. Kanuni ya pili inasema ielekeze kwenye tarakimu shufwa iliyo karibu: 2.5 inakuwa 2, 3.5 inakuwa 4, 4.5 inakuwa 4, 5.5 inakuwa 6. Nusu zinapanda, nusu zinashuka, na kosa linajifuta lenyewe. Kiwango cha IEEE 754, kinachotawala hesabu za desimali ndani ya kompyuta tangu 1985, kimeifanya hii kuwa njia yake ya kawaida. Ukiandika round(2.5) katika Python 3, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, utapata 2, ROUND ya Excel itakupa 3. Hakuna iliyokosea, zinafuata kanuni mbili tofauti.

Binafsi natumia ya shufwa ninapokuwa na data nyingi. Kwa kipimo kimoja sioni haja ya kugombana. Fuata ile ambayo mwalimu au maabara yako imechagua, uishike hadi mwisho.

Kumbuka kuwa kanuni ya shufwa ni ya 5 tupu peke yake. Namba 2.51 imeshapita katikati, kwa hiyo ni 3 kwa kanuni zote mbili.

Kwa nini Python inanipa 2.67 nikikadiria 2.675 kwa nafasi mbili?

Kwa sababu kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa jozi, yaani wa 0 na 1 tu, na 2.675 haiandikiki kikamilifu katika mfumo huo. Inayohifadhiwa ni ndogo kuliko 2.675 kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo kwa macho ya kompyuta haijafika katikati.

Nikizikata tu tarakimu za ziada bila kukadiria, kuna hasara gani?

Kwa namba moja hasara ni ndogo. Kwa namba elfu zilizounganika, haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni cha makosa.

Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo cha bei za hisa zake Januari 1982 kikiwa na thamani ya 1000. Kila hisa iliponunuliwa au kuuzwa, kompyuta ilikikokotoa upya na kukata kila kitu baada ya nafasi ya tatu ya desimali. Haikukadiria, ilikata. Kila mara kilichopotea ni wastani wa nusu ya sehemu moja ya elfu, yaani 0.0005, kiasi ambacho hakuna ambaye angekijali. Lakini ukokotoaji ulifanyika maelfu ya mara kwa siku, na kukata huenda chini tu, hakupandi kamwe. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilikuwa kimeshuka hadi kama 520 ilhali hisa zenyewe hazikuwa na hali mbaya hivyo. Kiliporekebishwa kikaruka hadi zaidi ya 1,098. Zaidi ya nusu ya thamani ilikuwa imeliwa na tarakimu ya nne.

Nikizidisha au kugawanya vipimo, jibu lichukue tarakimu ngapi?

Lichukue idadi ya kile kipimo chenye tarakimu muhimu chache zaidi. Mstatili wa sentimita 12.46 kwa 3.1: kikokotoo kinasema 38.626, wewe andika 39.

Usikubali kwa kuambiwa tu. Ile 3.1 ina shaka kwenye tarakimu yake ya mwisho, basi huenda ukweli ni 3.0 au 3.2. Zidisha uone: 12.46 × 3.0 ni 37.38, na 12.46 × 3.2 ni 39.872. Jibu linayumba kutoka 37 hadi karibu 40. Mbele ya myumbo huo, .626 ina kazi gani? Hata ile 9 ya 39 imejikongoja. Nimeona wanafunzi wakibadilika siku wanapofanya zoezi hili kwa mkono wao, kuliko siku yoyote niliyowasomea kanuni ubaoni.

Na kujumlisha na kutoa, kanuni ni hiyo hiyo?

Hapana. Hapa huhesabu tarakimu, unaangalia nafasi. Jibu linaishia pale kipimo kilicho butu zaidi kilipoishia: 132.4 + 0.687 ni 133.087, lakini ya kwanza iliishia sehemu za kumi, kwa hiyo jibu ni 133.1.

Kutoa kunastahili tahadhari ya pekee. Umepima chombo kitupu, gramu 25.31. Ukatia unga wa kemikali, ukapima tena, gramu 25.64. Kila kipimo kina tarakimu nne, umejipongeza. Uzito wa unga ni 0.33, tarakimu mbili. Mbili nyingine zimeyeyuka katika kutoa, na hazirudi. Tazama ukubwa wa hasara: kama kila usomaji unaweza kukosea kwa 0.01, basi tofauti inaweza kukosea kwa 0.02, ambayo ni takriban asilimia 6 ya unga wote. Kipimo kimoja kimoja kilikuwa na shaka ya asilimia 0.04 tu. Kuandika desimali zaidi hakuokoi kitu; kinachookoa ni kutafuta mizani kali zaidi, au kuongeza unga.

Nikadirie kila hatua ya hesabu?

Kadiria mwisho tu. Katikati beba tarakimu moja au mbili za ziada, au acha kikokotoo kibaki nazo zote. Mfano: 7.4 × 3.6 × 2.8 ni 74.592, yaani 75. Ukikadiria zao la kwanza kuwa 27 ndipo uzidishe kwa 2.8, unapata 75.6, yaani 76.

Namba zisizopimwa, kama 2 ya 2πr, zina tarakimu ngapi?

Hazina kikomo, kwa hiyo hazipunguzi kitu. Hesabu ya vitu (mipira 12) na ubadilishaji uliowekwa kwa maelewano ni kamili. Dakika ina sekunde 60 kamili. Inchi ni milimita 25.4 kamili tangu makubaliano ya 1959. Mwendo wa mwanga ni mita 299,792,458 kwa sekunde, nao ni kamili tangu 1983, kwa sababu mita yenyewe hufafanuliwa kwa kuutumia.

Usidhani kila namba ya kudumu ya fizikia iko hivyo. Ile ya mvutano wa Newton, G, bado inapimwa kwa taabu: 6.6743 × 10⁻¹¹ kwa vipimo sanifu, na tarakimu zake za mwisho zina shaka mpaka leo.

Kuhusu π, tumia kitufe cha kikokotoo. Ukitumia 3.14 katika hesabu yenye tarakimu nne, π ndiyo itakayokuangusha. Wataalamu wa NASA wanaoongoza vyombo kati ya sayari hutumia nafasi 15 za desimali na zinawatosha.

Nikibadili kipimo kimoja kwenda kingine, tarakimu zinaongezeka?

Kikokotoo kitakuongezea, ukweli hautaongezeka. Mfano uliozoeleka ni joto la mwili. Daktari wa Kijerumani Carl Wunderlich alichapisha mwaka 1868 kwamba wastani wa joto la mwili ni nyuzi 37 za Selsiasi. Kwa Farenhaiti 37 inageuka 98.6, na kwa miaka mingi watu wa Marekani wameikariri 98.6 kana kwamba sehemu ya kumi ilipimwa. Ukichukua 37 kama namba iliyokadiriwa hadi nyuzi moja, inasimama badala ya chochote kati ya 36.5 na 37.5, ambayo ni kati ya 97.7 na 99.5 za Farenhaiti. Mtu mwenye 98.2 hana hitilafu yoyote, ila mbele ya 98.6 anaonekana kama amepungukiwa.

Kwenye pH, kile kipimo cha ukali wa asidi, nahesabuje?

Hesabu tarakimu zilizo baada ya nukta tu. Iliyo kabla ya nukta inaonyesha kipeo cha 10. Ukolezi wa ioni za hidrojeni wa 3.4 × 10⁻⁴ una tarakimu mbili, na pH yake ni 3.47.

Mizani yangu ya kidijitali inaonyesha nafasi tatu za desimali. Zote ni za kuaminika?

Kioo kinaonyesha kile mtengenezaji alichoamua kionekane. Fanya jaribio hili: weka kitu kile kile, soma, kitoe, kirudishe, soma tena, mara kumi. Kama usomaji unarukaruka kati ya 25.312 na 25.319, nafasi ya tatu haina hakika kama inavyojionyesha. Na hata usomaji ukitulia tuli, bado mizani isiyorekebishwa inaweza kurudia kosa lile lile mara kumi. Pima jiwe la mizani ambalo uzito wake unajulikana ndipo uiamini.

Tukiandika shaka kwa alama ya ±, tunakadiria nini kwanza?

Shaka kwanza, kipimo baadaye. Una 4.8267 ± 0.0312: shaka inabaki na tarakimu moja, 0.03, kisha kipimo kinasimama kwenye nafasi ile ile, 4.83 ± 0.03. Shaka ikianza na 1, bakiza mbili. Kuifanya 0.014 iwe 0.01 ni kutupa zaidi ya robo yake.

Na kama kazi yako inadai ukali, andika ± usitegemee tarakimu muhimu peke yake. Hizi ni njia ya haraka yenye kasoro yake: 1.0 na 9.9 zote zina tarakimu mbili, lakini kosa la 0.1 kwenye 1.0 ni asilimia 10, na kwenye 9.9 ni asilimia 1.

Excel inafuta sifuri zangu za mwisho, nifanyeje?

Ukichapa 2.50 yenyewe huonyesha 2.5. Badili muundo wa seli uwe na nafasi mbili za desimali. Kukadiria kwa tarakimu muhimu tatu, tumia:

=ROUND(A1,2-INT(LOG10(ABS(A1))))

Kwa tarakimu nne weka 3 mahali pa 2. Fomula hugoma seli ikiwa na sifuri.

Mwalimu amenipunguzia alama kwa kuandika 2.5 badala ya 2.50. Si ni namba ile ile?

Kwenye mstari wa namba ni ile ile. Kwenye daftari la maabara, atakayesoma 2.5 ataelewa kuwa ukweli uko popote kati ya 2.45 na 2.55. Atakayesoma 2.50 ataelewa kati ya 2.495 na 2.505, mwanya uliobana mara kumi. Ulikaa ukasubiri mizani itulie, ukafunga dirisha upepo usiitikise, ukasoma hadi sehemu ya mia, ukakuta sifuri. Sifuri hiyo umeipima kama ulivyoipima 2. Iandike.